Kufuli Ndani ya Kompyuta: Kwa Nini Mashine Hukataa Mfumo Endeshi Mpya, na Mwenye Mashine Afanye Nini

Msimu wa pamba unapofika, mkulima wa Bariadi hupeleka mzigo wake kwenye kituo cha ununuzi cha ushirika, na jambo la kwanza analolitazama ni mizani. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, kisha hutiwa alama na lakiri ili pasiwe na mtu wa kuichezea. Lakiri ikionekana imevunjwa, mkulima mwenye busara hakubali kupima. Kwa hiyo lakiri haikuwekwa ili kumzuia mkulima, bali ili kumlinda.

Hata hivyo, tuseme chama cha ushirika kimenunua mizani ya mkono wa pili, ikawa mali yake halali, kisha ikagunduliwa kwamba sanduku la mizani hiyo limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake umebaki ng'ambo kwa mtu asiyejulikana. Kinga ileile sasa imegeuka kuwa kizuizi. Kufuli halikubadilika, kilichobadilika ni kwamba mwenye mali na mwenye ufunguo si mtu mmoja tena.

Jambo la namna hiyo limezikuta kompyuta za shule nyingi. Nililiona kwa macho yangu katika shule moja ya sekondari mkoani Simiyu, mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini Bariadi. Shule hiyo ilikuwa imepokea msaada wa kompyuta mpakato 12 zilizokwishatumika. Zote ziliwaka, lakini mfumo endeshi uliokuwamo ulikuwa umepitwa na wakati, na mwalimu wa somo la kompyuta alikusudia kuweka mwingine. Alipobonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, skrini ilimdai nywila ambayo hakuwa nayo. Mashine ya pili ilimjibu hivyohivyo, na ya tatu pia. "Daktari," aliniambia, "tumepewa nyumba, ufunguo haukuja nayo."

Makala haya yanaeleza kufuli hilo ni la namna gani, liliwekwa kwa sababu gani, na ni njia zipi za halali ambazo mwenye mashine anaweza kuzifuata.

KWA NINI KUWEKA MFUMO ENDESHI MWINGINE?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia sehemu zote za kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows ni mfano mmoja, na Linux ni mfano mwingine.

Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za mkono wa pili, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya tarehe hiyo, marekebisho ya usalama hupatikana tu kwa mpango maalumu wa nyongeza wenye kikomo. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, inadai mashine iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na kwa kiasi kikubwa inadai prosesa za kuanzia miaka ya 2017 na 2018. Kompyuta iliyoundwa mwaka 2014 haitimizi masharti hayo, ingawa kibodi yake ni nzima, skrini yake ni safi, na nguvu zake zinatosha kabisa kumfundishia mwanafunzi wa kidato cha pili.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuirekebisha bila kununua leseni. Toleo lake moja linalojulikana sana, Ubuntu, lilianza kutolewa Oktoba 2004. Jina lake limetoka katika lugha za Afrika ya Kusini, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Katika mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa shule ambayo intaneti yake ni ya kubahatisha, faida ni dhahiri: nakala moja iliyopakuliwa mjini na kuwekwa kwenye flashi inatosha kwa mashine zote za maabara.

FAMWEA NI NINI?

Mtu akiiwasha kompyuta, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi huwa tupu. Prosesa haijui diski iko wapi, wala haijui kama kuna kibodi. Ni nani basi anayeiambia ianze kufanya nini?

Kazi hiyo hufanywa na maagizo yaliyohifadhiwa katika chipu ndogo iliyochomelewa kwenye bodi kuu. Maagizo hayo huitwa famwea. Tunaweza kuifananisha famwea na mlinzi wa shule. Alfajiri, kabla ya mwalimu yeyote kufika, mlinzi hufungua lango, huwasha taa, huhakikisha madarasa yapo salama, kisha humkabidhi mkuu wa shule shughuli za siku. Famwea nayo hutenda kwa utaratibu ufuatao:

(a) Hukagua prosesa, kumbukumbu, kibodi na skrini.

(b) Husoma mipangilio iliyohifadhiwa, kama vile saa, tarehe, na orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuianzisha mashine.

(c) Hutafuta mfumo endeshi katika vifaa hivyo kwa kufuata orodha: diski ya ndani, flashi, au mtandao.

(d) Huukabidhi mfumo endeshi uongozi wa mashine.

Katika kompyuta ya IBM iliyotolewa tarehe 12 Agosti 1981, famwea hiyo iliitwa BIOS. Mwaka 1984 kampuni hiyohiyo ilitoa mashine yenye kumbukumbu ndogo ya mipangilio iliyolindwa kwa betri, ili saa na mipangilio isipotee umeme unapozimwa. Baadaye kampuni ya Intel ilibuni utaratibu mpya, na mwaka 2005 makampuni mbalimbali yaliunda jukwaa la pamoja la kuusimamia. Utaratibu huo huitwa UEFI, nao ndio unaotumika katika takriban kompyuta mpakato zote za sasa, ijapokuwa watu wengi bado wanauita BIOS kwa mazoea.

Jambo la kuzingatia ni hili: famwea hutangulia mfumo endeshi. Anayeitawala famwea ndiye anayeamua ni mfumo endeshi upi utakaoanza. Hapo ndipo kufuli lilipo.

KWA NINI FAMWEA HUFUNGWA?

Yafaa tusiharakishe kulilaumu kufuli. Zipo sababu tatu za msingi zilizolileta.

Kwanza, kuilinda famwea yenyewe. Mwaka 1998 kilizuka kirusi cha kompyuta kilichoitwa CIH, kilichotungwa na mwanafunzi mmoja wa Taiwan. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi hicho kilizishambulia kompyuta nyingi, hasa barani Asia. Hakikuishia kufuta data za diski. Katika mashine zilizokuwa na chipu isiyolindwa kiliandika takataka juu ya BIOS. Mashine ya namna hiyo haikuweza hata kuanza. Kuweka upya mfumo endeshi hakukusaidia, kwa maana mlinzi wa lango alikuwa amekwisha kuuawa.

Pili, kuzilinda data. Mtu akiruhusiwa kuianzisha kompyuta kwa flashi yake, anaweza kusoma mafaili yote yaliyomo katika diski isiyosimbwa, bila kuijua nywila ya Windows hata kidogo. Hospitali, benki na ofisi za serikali haziwezi kuliacha dirisha hilo wazi.

Tatu, kupunguza wizi. Mashine isiyoweza kutumiwa na mwizi haina bei kubwa sokoni.

Taabu huanza pale taasisi inapozibadilisha kompyuta zake baada ya miaka minne au mitano. Mashine huuzwa kwa mkupuo au hutolewa kama msaada. Diski hufutwa, kwa sababu taasisi inaogopa siri zake. Lakini nywila ya famwea haimo katika diski, na fundi aliyeiweka huenda amekwisha kuhama. Mashine husafiri kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa lori hadi Simiyu ikiwa na lakiri ya mwenyewe wa zamani.

AINA TANO ZA MAKUFULI

Watu wengi husema tu "kompyuta imefungwa". Kauli hiyo haitoshi. Kama daktari asivyotoa dawa kabla ya kuutambua ugonjwa, hatuna budi kwanza kutambua ni kufuli lipi lililo mbele yetu.

1. Nywila ya mipangilio. Mashine huwaka na kufanya kazi kama kawaida, ila haimruhusu mtu kubadili mipangilio ya famwea. Hili ndilo tulilolikuta katika mashine nyingi za shule ile.

2. Nywila ya kuwashia. Mashine hudai nywila mara inapowashwa, na bila hiyo haiendelei mbele.

3. Nywila ya diski. Nywila hii huhifadhiwa na diski yenyewe. Hata diski ikihamishiwa katika mashine nyingine, itaendelea kuidai.

4. Uanzishaji salama, ambao kwenye skrini za mashine huandikwa Secure Boot. Hapa hapana nywila. Famwea huikagua programu ya kuanzishia na kuikubali tu ikiwa ina saini ya kidijitali inayotambulika. Utaratibu huu ulienea tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012.

5. Usajili wa taasisi. Mashine imeandikishwa katika daftari la usimamizi la kampuni au shule fulani kwa njia ya mtandao. Hata ikifutwa na kuanzishwa upya, huuliza seva na kujitambulisha kuwa ni mali ya taasisi hiyo.

Aina ya nne inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa bure. Saini ya kidijitali hufanana na alama ya Wakala wa Vipimo juu ya mizani. Mwenye kutia saini ana ufunguo wa siri. Famwea ina ufunguo wa wazi unaoweza kuihakiki saini hiyo lakini hauwezi kuighushi. Programu ikibadilishwa hata herufi moja, saini haikubali. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na funguo za wazi za Microsoft. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa Linux waliunda programu fupi ya kuanzishia, wakaipeleka ikatiwa saini na Microsoft, na programu hiyo ndiyo inayoikagua na kuianzisha Linux yenyewe. Ubuntu na Fedora zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka mingi, na Debian tangu toleo lake la 10 la mwaka 2019. Basi si lazima kuuzima uanzishaji salama ili kuweka Linux. Lililo muhimu ni kuchagua toleo lenye saini, tena toleo jipya, kwa kuwa vyeti vya mwanzo vya mwaka 2011 viliwekewa kikomo kuanzia Juni 2026, na mahali pake vikatolewa vyeti vya mwaka 2023.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia ile nyepesi. Mwalimu asiruke hatua.

Hatua ya kwanza: kuthibitisha umiliki. Andika namba ya utambulisho ya kila mashine, na uilinganishe na barua ya msaada au stakabadhi ya ununuzi. Kazi hii si ya ukarani tu. Hatua zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya pili: kumwandikia aliyetoa mashine. Mwombe nywila ya famwea, na pia uthibitisho kwamba mashine zimeondolewa katika daftari lake la usimamizi. Mara nyingi taasisi hutumia nywila moja kwa mashine zake zote, hivyo jibu moja laweza kufungua mashine kumi. Usingoje jibu huku umekunja mikono. Endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu: kuhifadhi kazi zilizomo. Kuweka mfumo endeshi mpya kwa kawaida hufuta diski nzima. Nakili kazi za wanafunzi na walimu kwanza. Ikiwa diski imesimbwa na Windows, tafuta mapema ufunguo wa kuirejesha, wenye tarakimu 48, kwa sababu kubadili njia ya kuanzisha mashine kunaweza kuifanya Windows iudai.

Hatua ya nne: kutumia menyu ya kuanzishia ya mara moja. Katika mashine nyingi, kubonyeza kitufe maalumu mara baada ya kuwasha, kama vile F12, F9 au Esc, huleta orodha ya vifaa vya kuanzishia. Orodha hii ni tofauti na mipangilio ya famwea, na mara nyingi huachwa wazi hata pale mipangilio ilipofungwa. Chomeka flashi yenye Linux iliyotiwa saini, uichague, na mashine itaanza. Matoleo mengi ya Linux humruhusu mtu kuyajaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hakikisha hapo kwamba sauti, kibodi na mtandao vinafanya kazi, ndipo uamue kuweka moja kwa moja.

Hatua ya tano: kuhamisha diski. Ikiwa menyu hiyo nayo imefungwa, lakini mashine bado inaanza kwa diski yake ya ndani, kumbuka kwamba famwea haiulizi diski ilijazwa wapi. Mashine ikiwa imezimwa na betri yake imetenganishwa, fundi anaweza kuitoa diski, kuiweka katika kompyuta nyingine ya shule isiyofungwa, kuweka Linux humo, kisha kuirudisha. Zingatia mambo mawili. Diski lazima ilingane na mashine hiyo ya pili kwa aina ya kiunganishi chake. Pia, mfumo endeshi unapowekwa, huandika jina lake katika kumbukumbu ya famwea ya mashine ulimowekewa, na kumbukumbu hiyo haisafiri na diski. Kwa hiyo programu ya kuanzishia lazima iwepo pia katika faili la akiba ambalo kila UEFI hulitafuta isipokuta jina linalolijua, yaani BOOTX64.EFI ndani ya kabrasha la EFI na BOOT. Fundi asipolikuta faili hilo, atadhani mashine imekufa, kumbe imepotea njia tu.

Hatua ya sita: kwenda kwa mtengenezaji. Baadhi ya makampuni humsaidia mwenye mashine kuondoa nywila akionyesha uthibitisho wa umiliki. Mengine hujibu kwamba lazima bodi kuu ibadilishwe, nayo bei yake huenda ikazidi thamani ya mashine nzima. Hapo ni heri mashine itumike kama ghala la vipuri: skrini, kibodi, kumbukumbu na diski vinaweza kuziokoa nyingine.

MAMBO YA KUEPUKA

Imani iliyoenea sana ni kwamba ukiitoa betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu, nywila itafutika. Imani hii ilikuwa na ukweli katika mashine za zamani, ambamo nywila ilikaa katika kumbukumbu iliyotegemea betri. Katika kompyuta mpakato nyingi za sasa nywila huhifadhiwa katika chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Ukiitoa betri, utapoteza saa na tarehe, na nywila itabaki palepale.

Njia ya kubahatisha nayo haifai. Tuchukue nywila yenye herufi nane ndogo kati ya herufi 26 za alfabeti ya kimataifa. Idadi ya nywila zinazowezekana ni 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Mtu akijaribu moja kila sekunde 10 bila kulala, atahitaji zaidi ya miaka 66,000 kuzimaliza zote. Tena mashine nyingi hujifunga baada ya majaribio matatu na kulazimu kuzimwa upya.

Zaidi ya hayo, epuka programu zinazotangazwa kuwa zinafungua kila nywila. Mtu anayekuuzia ufunguo wa nyumba zote hana nia njema na nyumba yako. Epuka pia kuichoma upya chipu ya famwea bila fundi aliyebobea. Kosa dogo hapo huifanya mashine isiwake tena.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: kompyuta ya mezani iliyoharibika, bisibisi, na kipima volti.

Tafuta betri ya duara kwenye bodi kuu. Aghalabu huwa imeandikwa CR2032. Tarakimu hizo zina maana: 20 ni kipenyo kwa milimita, na 32 ni unene kwa sehemu za kumi za milimita, yaani milimita 3.2. Pima volti zake. Betri nzima husoma karibu na volti 3. Kisha tafuta chipu ndogo yenye miguu minane. Mara nyingi mojawapo ya chipu za namna hiyo ndiyo inayohifadhi famwea. Wanafunzi wachore bodi na waonyeshe sehemu hizo mbili. Ndipo mwalimu aulize: ni kipi kati ya vitu hivi hukumbuka bila umeme, na ni kipi husahau? Mwanafunzi anayeweza kujibu swali hilo ameelewa kwa nini kutoa betri hakusaidii.

SHERIA NA HAKI YA MWENYE MALI

Maarifa haya ni kama maarifa ya fundi kufuli. Fundi humfungulia mwenye nyumba. Akimfungulia mgeni, ni mshiriki wa wizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kompyuta iliyonunuliwa kichochoroni kwa bei ya kutupa, bila stakabadhi, huku skrini yake ikionyesha jina la kampuni fulani, isiguswe. Kufuli hapo linatoa ushahidi.

Lakini kanuni hiyohiyo ina upande wa pili. Shule iliyopokea mashine kwa halali ina haki ya kuchagua ni mfumo endeshi upi utakaoiendesha. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya nchi kuona gharama zake na jinsi zilivyotufanya tuwategemee wataalamu wa nje. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, na mashine sasa zimejaa. Swali lililoisumbua nchi wakati ule, hata hivyo, halijaisha: je, mashine iliyo mikononi mwetu inamtii nani?

YALIYOTOKEA KATIKA SHULE ILE

Tulizipitia zile mashine 12 kwa siku mbili, wanafunzi wa kidato cha tatu wakiandika namba na matokeo ubaoni. Mashine 6 zilikubali menyu ya mara moja, na Linux ikawekwa bila kugusa mipangilio iliyofungwa. Mashine 3 zilihitaji diski zihamishwe. Mojawapo ilikataa kuanza hadi tulipoliweka lile faili la akiba. Mashine 2 zilikuwa na nywila ya kuwashia, nazo zilikaa kabatini hadi mtoaji wa msaada alipojibu barua na kutuma nywila. Nywila hiyohiyo ilifungua mipangilio ya zile 9 za kwanza.

Imebaki mashine moja. Skrini yake ilionyesha kwamba imesajiliwa na kampuni ambayo haikutajwa popote katika barua ya msaada, na namba yake haikuwamo katika orodha. Wanafunzi walitaka tuijaribu kwa njia nyingine, maana darasa la watu wengi likigawana mashine 11, mashine moja si kitu kidogo. Mwalimu wao alikataa. Aliifunga katika kabati la ofisi na kuandika barua ya pili. Nadhani siku ile walijifunza zaidi kwa mashine hiyo moja kuliko kwa zile 11.

HITIMISHO

Kufuli la famwea si adui wa elimu. Liliwekwa kwa sababu nzuri, na shule nayo inalihitaji. Kwa hiyo, baada ya kupata nywila za zamani, shule ile haikuziacha mashine wazi. Iliweka nywila zake yenyewe, ikaziandika katika leja ya mali inayotunzwa na mkuu wa shule, ili mwalimu mmoja akihamishwa, maabara isifungwe pamoja naye.

Kwa wale wanaoomba au kutoa misaada ya kompyuta, ushauri ni mfupi. Kabla mashine hazijapakiwa, pawepo karatasi moja yenye mambo matatu: namba ya kila mashine, nywila yake ya famwea au uthibitisho kwamba imefutwa, na uthibitisho kwamba imeondolewa katika daftari la usimamizi la mtoaji. Karatasi hiyo haina gharama, nayo inaokoa kazi ya siku nyingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya famwea na mfumo endeshi.

2. Kwa nini kuweka upya mfumo endeshi hakukuweza kuiponya mashine iliyoshambuliwa na kirusi cha CIH?

3. Mashine inaanza Windows bila tatizo, lakini mipangilio yake inadai nywila. Ni kufuli la aina gani? Ni hatua zipi mbili ungezijaribu kabla ya kutoa diski?

4. Nywila ina tarakimu 4 tu, kila moja kati ya 0 na 9. Kwa kasi ya jaribio moja kila sekunde 10, zingechukua saa ngapi kujaribiwa zote? Jibu lako linakufundisha nini kuhusu urefu wa nywila?

5. Jadilini darasani: je, mwalimu alikuwa sahihi kuifunga kabatini ile mashine ya 12?